Fimbo za sumaku ya neodimiamu kwenye mashine ya kusaga: nimekaa nazo mwaka na miezi miwili, nawaambia nilichokiona

Nianzie kwenye nyundo, vile vibao vya chuma vinavyozunguka ndani ya mashine na kuponda mahindi. Mwenye mashine ya kusaga anajua nyundo mpya inavyokuwa, kona zake nne kali kabisa, halafu ukija kuifungua baada ya msimu wa mavuno unakuta kona zimeliwa zimekuwa duara, ukiishika mkononi unasikia kabisa imepungua. Mi nasaga hapa Mlowo mwaka wa tisa huu, nyundo nimebadilisha seti sijui ngapi, na sikuwahi kujiuliza kile chuma kilicholika kinaenda wapi. Naandika hii kwa uchungu kwa sababu jibu liko wazi, kinaenda kwenye unga, hakina pengine pa kwenda.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mteja wangu wa siku zote, analeta debe mbili kila wiki. Siku hiyo kaja hana debe, kaja na bakuli. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniambia tia mkono humu. Ndani ni unga wangu niliomsagia juzi yake, katikati kuna sumaku ya spika mbovu ambayo mjukuu wake wa form two alikuwa anaichezea, imeota ndevu nyeusi pande zote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hiki ndo tunakula na wajukuu, baba, angalia unafanyaje."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikampigia mdogo wangu yuko Dar, nikamwambia zunguka Kariakoo unitafutie sumaku za nguvu za kuweka kwenye mashine ya chakula, akazunguka siku mbili akapata duka wanauza hizi fimbo. Duka sitalitaja na mtaona kwa nini. Fimbo moja ilikuwa elfu sabini na nane, nikachukua mbili, zikaja na basi zimefungwa kwenye boksi la mbao kubwa kuliko zenyewe mara tatu, nikadhani wamezidisha mbwembwe, kumbe wako sahihi kabisa, ukizifunga kwenye karatasi tu zinashika bodi ya basi.

Fimbo yenyewe ni bomba la chuma kisichoshika kutu, unene milimita 25, urefu sentimita 30, ncha zote mbili zimezibwa na kuna tundu la bolti. Ukiitazama hujui kuna nini, inang'aa tu kama mpini wa jagi. Ndani yake kuna vidonge vya sumaku vimepangwa mmoja juu ya mwingine, lakini vimepangwa kwa ubishi, yaani ncha zinazofanana zinatazamana, zile ambazo zenyewe zinasukumana, na katikati ya kila vidonge viwili wanaweka kipande cha chuma. Kwa hiyo nguvu inakosa njia, inabanwa inatokea pale penye kile kipande. Ndo maana chuma kinapojishika hakienei fimbo nzima, kinakaa kama pete pete, unahesabu pete moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilidhani fimbo ina mapengo, nikataka kuirudisha.

Moja nimeifunga kwenye mdomo wa kumwagia mahindi, ya pili chini kabisa ya lile pipa la juu ambalo unga unatulia kabla haujashuka kwenye mfuko. Ya juu inakamata misumari, nati, vipande vya waya wa magunia, na wiki ya kwanza tu ilikamata bolti ambayo ingeingia ndani ingenipasulia chekeche lote. Hapo tu pesa ya fimbo ilikuwa imesharudi, chekeche na siku mbili za kusimama ni hela nyingi. Lakini hiyo ya chini ndo iliyonipa shida moyoni. Siku ya kwanza nimesaga gunia kumi na nne, jioni nazima mashine, nachomoa, imevaa koti jeusi laini kama masizi. Nikafuta kwa kitambaa nikaweka kwenye chupa. Nikafanya hivyo wiki mbili halafu nikapeleka kwa sonara mjini anipimie, gramu 46. Siyo kilo, najua, na imegawanyika kwenye magunia mengi, lakini ni kila wiki mbili, kwa miaka tisa, na mimi ndo nilikuwa nawapimia watu.

Sasa kwa nini neodimiamu na siyo sumaku yoyote tu, maana najua mtu atauliza mbona ya spika inashika bure. Ile nyeusi ya spika ni feraiti, ni nzuri, haiozi, ni rahisi, ila nguvu yake kwa ukubwa uleule ni kama sehemu moja ya kumi ya neodimiamu. Msumari itashika. Vumbi la chuma linalopita na unga kwa kasi halisubiri, linapita pembeni na kwenda zake. Nimejaribu kwa mikono yangu, nilipanga sumaku nne za spika pale chini siku tatu zikashika kidogo sana, nikarudisha fimbo, ikavuna.

Na kitu ambacho sikukijua, neodimiamu yenyewe ikiwa peke yake siyo sumaku. Ni metali nyeupe kama fedha, laini laini, ukiiacha hewani inapauka na kubanduka magamba, ndo maana wanaihifadhi kwenye mafuta. Inaanza kuwa jambo ikiyeyushwa pamoja na chuma na boroni kwa hesabu maalum, neodimiamu mbili, chuma kumi na nne, boroni moja. Kwa uzito sehemu kubwa ni chuma cha kawaida, madini adimu, yaani neodimiamu na ndugu zake, ni kama asilimia 30, boroni ni asilimia moja hivi. Kazi ya ile neodimiamu ni kukishikilia chuma kisigeuze mwelekeo, chuma kina nguvu ila hakina msimamo, neodimiamu ndo inakipa msimamo.

Na hii hadithi inapita karibu na hapa kuliko watu wanavyodhani. Kabla yake sumaku kali kuliko zote ilikuwa ya samariamu na kobalti. Kobalti ilikuwa inatoka Zaire, Kongo ya leo, kwa wingi, sasa mwaka 1978 vita vikaingia Kolwezi kule mkoa wa Shaba, kobalti ikapanda bei vibaya sana, viwanda vikaanza kutafuta sumaku isiyo na kobalti kabisa. Masato Sagawa kule Japani na John Croat wa General Motors kule Marekani, kila mtu kivyake, wakafika palepale, wakatangaza mwaka 1983. Mi nikiwa nimekaa hapa mlangoni naona malori ya shaba na kobalti ya Kongo yanapita barabara kuu kutoka Tunduma kwenda bandarini, kila siku, na sikujua kwamba fujo za kule ndo zilizaa hii fimbo iliyoko kwenye mashine yangu.

Turudi kwenye bidhaa, na hapa ndo kuna lalamiko langu kubwa. Karatasi iliyokuja na fimbo imeandikwa gausi 12,000. Gausi ndo kipimo cha ukali wa sumaku pale unapoigusa. Mi sina kipimo, nikaamini. Miezi mitatu baadaye kuna fundi wa kiwanda cha unga Mbeya alipita kwa mambo yake, akawa na kipimo kwenye gari, nikamwomba. Fimbo moja ikasoma 8,600 kwenye pete iliyo kali kuliko zote, ya pili 7,900. Zote mpya, zote hazijaguswa na moto bado. Nikampigia muuzaji, akaniambia eti kipimo cha huyo fundi kibovu, nikampigia tena hakupokea. Jamani 8,600 siyo mbaya kwa mashine ndogo kama yangu, ningeinunua hata kwa kujua, ila niambie ukweli nichague mwenyewe. Mtu anayesagia shule au hospitali anahesabu kwamba ana 12,000 kumbe hana.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize gausi peke yake, uliza ndani kuna sumaku ya daraja gani. Utasikia N35, N42, N52. Ile namba ni nishati ambayo sumaku inaweza kubeba, ikiwa kubwa ndo kali zaidi. N35 ndo ya bei ya chini na ndo naamini niliyouziwa. Halafu angalia herufi ya mwisho, hapa sikilizeni vizuri maana mimi pamenigharimu.

N42 ikiwa haina herufi nyuma yake haitakiwi kuvuka nyuzi joto 80. Ikiwa na M ni 100, H ni 120, SH ni 150, na zinaendelea juu. Ikivuka hapo inaanza kupoteza nguvu, na ikipoa hairudi yote. Unga ukitoka kwenye nyundo ni wa moto, wote tunajua, nimepima kwangu unafika 55 mashine ikiwa imefanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo kwenye unga iko salama. Kilichoniua ni kuchomelea. Nilimwita fundi anitengenezee kitako kipya cha fimbo ya chini, akasema ngoja nichomelee fimbo ikiwa ndani ili vipimo visipotee, mi nikamwachia nikaenda kuhudumia watu. Narudi, ncha moja ya bomba imebadilika rangi ya bluu. Tangu siku hiyo pete tatu za upande ule zinashika vumbi kidogo tu wakati za upande mwingine zinajaa. Siyo kosa la fimbo, na fundi naye hakujua, nani angemwambia. Chomoa fimbo, peleka mbali, ndo uchomelee.

Nilipotaka kununua nyingine ya SH nikaambiwa bei karibu mara mbili na kusubiri. Sababu yake ni kwamba ili sumaku ivumilie joto wanachanganya disprosiamu au terbiamu, nayo ni madini adimu, adimu kweli kuliko neodimiamu, na China ambayo ndo inasafisha karibu yote duniani iliyawekea masharti ya kibali cha kuuza nje mwezi wa nne 2025, pamoja na sumaku zenye madini hayo ndani. Kwa mashine ya mahindi huhitaji SH, sema kama una mashine ya kukaushia au unafunga karibu na injini, lipa hiyo hela.

Kufuta ni kila siku, na hii ni kasoro japo ndogo. Vumbi likishika halitaki kutoka, ukifuta linahama kutoka pete hii kwenda pete ya pili. Mi navuta kwa kitambaa kibichi kidogo mpaka kwenye ncha isiyo na sumaku, pale linaachia lenyewe. Usipofuta, koti likiwa nene vumbi jipya halisikii nguvu tena, unga unapita unalikwangua lile la zamani linarudi kwenye mfuko wa mteja. Nimeona kwa mwenzangu hapa jirani alifunga fimbo akaisahau miezi miwili, bora hata asingefunga.

Na haishiki kila kitu. Mchanga, kokoto, plastiki, shaba, alumini, vyote vinapita. Chuma kisichoshika kutu kinapita pia mara nyingi, kwa hiyo kama una nyundo za aina hiyo usijidanganye. Fimbo haiondoi kazi ya kuchekecha mahindi kabla.

Kuna na vile vidonge vya duara vinavyouzwa tupu, vimepakwa nikeli vinang'aa. Nilinunua vinne elfu tano tano nikabandika kwenye mdomo wa mashine, usinunue kwa kazi hii. Sumaku ya neodimiamu ni poda imekandamizwa ikachomwa, kwa hiyo inavunjika kama kigae. Viwili vilirukiana mezani vikapasuka, kimoja nikeli ikabanduka pembeni na baada ya mvua za mwezi wa tatu kikawa unga wa kutu chenyewe. Sasa fikiria kiko juu ya chakula. Ndani ya bomba lililozibwa ndo mahali pake. Na usikitoboe kwa drili, vumbi lake linashika moto.

Vidole pia. Fimbo mbili zikikaribiana kuna hatua fulani ambapo huna tena uwezo wa kuzuia, zinaruka. Kijana wangu wa kazi kucha ilikuwa nyeusi mwezi mzima. Mwenye kifaa cha moyo kilichowekwa kifuani asizishike wala asisogee. Na la watoto naliandika kwa msisitizo, vile vidonge vidogo visikae nyumbani kwenye watoto kabisa. Akimeza viwili kwa nyakati tofauti vinatafutana tumboni, vinabana utumbo katikati mpaka unatoboka, na kwa nje mtoto anaonekana anaumwa tumbo la kawaida tu. Ukihisi kameza, hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kitoke.

Sasa lililonigusa kuliko yote. Nilipokuwa natafuta habari za hii metali nikakutana na jina la Ngualla, nikasoma mara mbili. Ngualla ni kilima kiko mkoa wetu huuhuu wa Songwe, huko wilaya ya Songwe, na ndani yake kuna madini adimu yanayohesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za neodimiamu na ndugu yake praseodimiamu ambazo bado hazijachimbwa duniani. Akiba waliyoipima ni tani milioni 18.5 za mawe yenye wastani wa asilimia 4.8 ya madini haya. Leseni maalum ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023, serikali ina hisa asilimia 16. Mi nimezaliwa mkoa huu na nililetewa sumaku kwa basi kutoka Kariakoo, ambako ililetwa kwa meli kutoka China.

Na jina "adimu" linadanganya. Neodimiamu ardhini ni nyingi kuliko madini ya risasi. Ugumu wake ni kwamba haikai pamoja kwa wingi, na inakaa na ndugu zake wanaofanana nayo kupita kiasi. Kazi ya kwanza ya mgodini ni kazi yangu, kusaga jiwe liwe unga. Kisha unga unatiwa kwenye maji yenye dawa, wanapuliza hewa, chembe za bastnesaiti, ndo jiwe lililobeba madini adimu, zinapanda na povu zinakwanguliwa juu. Baadaye asidi, na moto, mpaka madini yanakuwa maji. Hapo ndo shughuli yenyewe, maana kwenye hayo maji kuna seriamu, lanthanamu, praseodimiamu, neodimiamu, zote zina tabia moja. Wanayapitisha matanki kwa matanki, mamia, maji upande mmoja na mafuta yenye dawa upande wa pili, kila tanki neodimiamu inaegemea kwenye mafuta kidogo tu kuliko mwenzake, kidogo kidogo kidogo mpaka mwisho zinaachana. Halafu inakuwa oksidi, oksidi inaingizwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 inapitishwa umeme, ndo inatoka metali. Carl Auer von Welsbach aliyetenganisha neodimiamu na praseodimiamu mara ya kwanza Vienna mwaka 1885 alifanya kwa kugandisha chumvi na kurudia, na kurudia tena, na zilivyofanana ndo akaiita neodimiamu, maana yake pacha mpya. Huyo huyo ndo aliyegundua kile kisoksi cheupe kinachowaka kwenye karabai, cha thoriamu na seriamu kidogo, kwa hiyo aliyewahi kuvua dagaa usiku ameshatumia kazi ya mikono ya huyu mzee.

Naipenda hii metali lakini sitaki kusifia tu. Hayo matanki yanatoa maji ya asidi mengi, na mawe haya mara nyingi yana thoriamu ambayo ina mionzi, kule Baotou China kuna bwawa la mabaki linalojulikana dunia nzima kwa ubaya wake. Wanasema mawe ya Ngualla yana thoriamu na uraniamu kidogo, ni habari njema, ila watu wa kule wanakunywa maji ya mito na visima kama sisi, na mi ningependa waulizwe na waonyeshwe mabaki yatakaa wapi kabla ya lori la kwanza.

Basi bei elfu sabini na nane kwa fimbo ya N35 naiona imezidi, elfu hamsini na tano ingekuwa haki. Kazi inafanya. Ningempa nyota nne mtengenezaji na mbili muuzaji. Ukinunua nenda na mtu mwenye kipimo, au angalau chukua fimbo mbili tofauti, izamishe kila moja kwenye bakuli la vumbi la chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea, hesabu pete na unene wake, utaona tofauti kwa macho.

Yule mama alirudi mwezi wa pili. Alikuja na mjukuu wake na sumaku yake ileile ya spika, akapakua unga wa moto kwenye bakuli palepale mashineni, kijana akaizungusha taratibu mpaka chini. Ikatoka na unga mweupe tu, na kwenye ukingo chembe mbili tatu nyeusi. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Bado mbili, mwanangu." Fimbo ya tatu nimeshalipia, N52, inafika Ijumaa, nataka niifunge sambamba na ile iliyoungua kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia.